Lori Kuukuu la Jeshi: Litayarishwe Kusimama Kabla ya Kutayarishwa Kwenda

Amri ya uhamisho haichagui msimu wala haiulizi umri wa watoto. Askari aliyezoea baridi ya Kisoro, chini ya mlima Muhavura, aweza kuarifiwa kwamba baada ya majuma mawili atahitajika Moroto, katika nyanda za Karamoja. Safari hiyo yavuka Uganda kutoka pembe ya kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki, nayo ni ya zaidi ya kilomita 800. Kuna vitanda vya kusafirisha, kabati, cherehani ya mama, magunia ya maharage na viazi, na tenga la kuku. Aghalabu hapo ndipo hujitokeza ndugu au mwenzi wa zamani kazini mwenye lori kuukuu la jeshi, alilolinunua katika mnada, akasema yuko tayari kusaidia kwa gharama ya dizeli tu.

Mwenye lori hupanda, huwasha injini, moshi mweusi ukatoka kisha ukapungua, naye husema kwa fahari, "Chuma hiki hakizeeki!" Watu wa nyumbani hufurahi, na mizigo huanza kupakiwa siku ileile. Ni kosa linalotendwa na watu wema, na laweza kuondoa roho za watu.

Injini iliyowaka imethibitisha jambo moja tu, yaani kwamba lori laweza kwenda. Jambo la kwanza la kuthibitishwa kabla ya safari ndefu ni kwamba lori hilo laweza kusimama, likiwa na mzigo, likiwa kwenye mteremko, tena baada ya kusimamishwa mara nyingi.

UMRI WA LORI LILILOLALA

Katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza, lori la jeshi lililojulikana mno lilikuwa Bedford. Yaliundwa na kampuni ya Vauxhall katika miji ya Luton na Dunstable, nchini Uingereza, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia peke yake yaliundwa takriban 250,000. Baada ya vita zikaja Bedford RL, za miaka ya 1950 na 1960, zenye injini ya petroli ya silinda sita. Na tangu mwanzo wa miaka ya 1970 zikaja Bedford MK, zilizokusudiwa kubeba tani 4 nje ya barabara, zenye injini ya silinda sita ya lita 5.4. Mwaka 1986 kampuni mama, General Motors, iliacha kuunda malori hayo makubwa. Kwa hiyo Bedford MK iliyo changa kiasi gani nayo ina umri wa mtu mzima mwenye watoto.

Malori hayo yaliundwa yadumu. Chasi yake ni nene, springi zake ni ngumu, na magurudumu yake yote manne yaweza kuvutwa na injini. Lakini lori la jeshi huishi maisha ya namna ya pekee. Laweza kukaa bohari miaka mingi likitembea kidogo, huku saa ya kilomita ikionyesha hesabu ndogo inayompendeza mnunuzi. Katika muda huo wa kulala, chuma hakikusagika, lakini mpira umekauka, mafuta ya breki yamenyonya unyevu, maji yamekusanyika chini ya tangi, na panya wametafuna nyaya. Hesabu ya kilomita haimwambii mnunuzi lolote kuhusu uharibifu huo.

BREKI KWANZA

Kutoka Kisoro kwenda Kabale barabara hupanda hadi pengo la Kanaba, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka kwa kona nyingi. Hapo ndipo breki iliyotayarishwa nusunusu hujulikana.

Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Yakiwa mapya huvumilia joto kali bila kuchemka. Yakiisha kunyonya maji, huchemka mapema. Katika mteremko mrefu, breki zikipata moto, mafuta hayo hutoa mvuke ndani ya mabomba. Dereva hukanyaga pedeli nayo huzama hadi sakafuni, kwa kuwa mvuke hubonyea, na kinachobonyea hakisukumi viatu vya breki. Lori lile lile lililosimama vizuri uwanjani hapo halisimami tena.

Kwa hiyo mafuta yote ya breki yamwagwe na kutiwa mapya, na hewa itolewe katika kila gurudumu. Mipira ya breki ibadilishwe hata kama kwa nje yaonekana mizima, maana huvimba kwa ndani na kuziba njia. Dramu zifunguliwe zote nne. Bitana iliyolowa mafuta isipanguswe na kurudishwa, bali itupwe na sili iliyovuja ibadilishwe. Kadhalika, pasiwepo mtu wa kujaza oili ya injini mahali pa mafuta ya breki ati kwa dharura. Oili hiyo hutafuna mipira yote ya breki, na uharibifu wake huonekana safari ikiwa imekwisha kuanza.

Liko jambo jingine ambalo mafundi wengi hawakuambiwa. Bitana za breki na klachi za malori ya zamani zilitengenezwa kwa asibesto, na vumbi lake likivutwa huharibu mapafu na kuleta saratani baada ya miaka mingi. Vumbi hilo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Liloweshwe maji na kufutwa kwa kitambaa kitakachotupwa. Ovaroli ya fundi isikung'utwe uani wala isifuliwe pamoja na nguo za watoto. Katika nchi zenye viwanda vya asibesto wameugua hata wake waliofua tu nguo za kazi za waume zao, wao wenyewe wasiwe wamewahi kuingia kiwandani.

TAIRI NA NATI NYEKUNDU

Tairi la lori la jeshi hudanganya kwa meno yake. Laweza kuwa na meno marefu kama jipya, kumbe lilitengenezwa miaka ishirini iliyopita. Ubavuni mwake hutafutwa tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 3109 lilitengenezwa katika juma la 31 la mwaka 2009. Likiwa na tarakimu tatu tu, ni la kabla ya mwaka 2000, nalo halifai kwa safari yoyote. Tairi lililopita miaka kumi lisifungwe mbele, kwa sababu likipasuka huko usukani humponyoka dereva mkononi.

Kabla ya kugusa spana, fundi hana budi kutazama rimu. Baadhi ya malori ya kijeshi ya Kiingereza yana rimu za vipande viwili vilivyounganishwa kwa nati. Jeshi lilizipaka nati hizo rangi nyekundu ili askari asizichanganye na nati zinazoshika gurudumu kwenye ekseli. Anayefungua nati nyekundu tairi likiwa na upepo hutawanya rimu kwa nguvu ya mlipuko, na wengi walioponea hapo walipoteza mikono au macho. Hatari imezidi siku hizi kwa kuwa mnunuzi hupaka lori lote rangi mpya, na wekundu ule wa onyo ukafichika. Kanuni ni moja: tairi litolewe upepo wote kwanza, kisha rimu ifunguliwe.

Tena, malori mengi ya Kiingereza ya wakati huo yana nati za magurudumu ya kushoto zinazofunguka kwa kuzungushwa kinyume cha kawaida. Kijana asiyejua hilo huongeza bomba kwenye spana, akavuta kwa nguvu zake zote, akakata boliti.

MAJI, DIZELI NA UMEME

Lori likishaweza kusimama na kusimamia miguu yake, sasa ndipo zamu ya injini. Kutoka baridi ya Kabale hadi jua la Karamoja, rejeta ndiyo hutaabika. Kutu isafishwe ndani, na nje matundu yaoshwe kwa maji yanayosukumwa kutoka upande wa injini, ili matope na mbegu za nyasi zirudi zilikoingilia. Mipira ya maji iliyolainika au kupasuka ibadilishwe, na mkanda wa feni wa akiba uwekwe ndani ya kebini.

Tangi la dizeli limwagwe hadi chini, maana maji na kutu hukaa chini ya dizeli, na barabara yenye mitikisiko huvikoroga na kuvipeleka kwenye pampu. Filta mbili za akiba si anasa. Dereva naye ajue kutoa hewa katika mabomba ya dizeli baada ya tangi kukauka, ili asikwame kati ya Katakwi na Moroto akimngoja fundi. Lori likitumia lita 1 kwa kila kilomita 3, kilomita 900 zadai lita 300. Hesabu hiyo ifanyike nyumbani, kwa kalamu.

Umeme wa malori haya ni wa volti 24, utokao katika betri mbili za volti 12 zilizounganishwa. Redio au taa ya volti 12 isifungwe kwenye betri moja tu, kwani hiyo itadhoofika na kuiponza mwenzake, na asubuhi lori halitawaka.

Kisha grisi itiwe katika kila nipeli, krosi za propela zitikiswe kwa mkono, na oili za giaboksi na difu zitazamwe. Oili iliyogeuka kuwa na rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Dereva akumbuke pia kwamba kuvutwa kwa magurudumu ya mbele ni kwa matope na mchanga. Katika lami nguvu hiyo iondolewe, la sivyo gia hukazana zenyewe kwa zenyewe na kuharibika. Udongo mweusi wa Karamoja wakati wa mvua utampa nafasi ya kutosha ya kuitumia.

MZIGO NA WATU

Vizito huwekwa chini, karibu na kebini, na vyepesi juu. Vyote hufungwa kwa kamba, kisha turubai. Sigiri iwe imezimika tangu jana yake. Jerikeni ya lita 20 ilibuniwa na Wajerumani katika miaka ya 1930, nayo ni chombo bora kwa dizeli au kwa maji, lakini iliyowahi kubeba dizeli isibebe maji ya kunywa kamwe, hata ikioshwa kwa sabuni mara saba. Zipakwe rangi mbili tofauti, na watoto waonyeshwe.

Juu ya magodoro si mahali pa binadamu. Huko ndiko watoto hupenda kukaa, kwa kuwa huona mbali na upepo huvuma, na huko ndiko hutupwa lori linapokata kona kwa ghafula. Mama na watoto wasafiri kwa basi, au wakae ndani ya kebini kwa idadi ya viti vyake. Nauli ya basi ihesabiwe kuwa sehemu ya gharama ya uhamisho.

SIKU YA MAJARIBIO

Siku tatu kabla ya kuondoka, lori lipakiwe mzigo na kupelekwa kilomita 50 kwenda na kurudi, vilima vikiwemo. Likirudi, dereva azunguke akikaribisha mgongo wa mkono kwenye kitovu cha kila gurudumu. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, hapo pana breki inayokwama au beringi iliyokazwa mno. Nati za magurudumu zikazwe upya, na matone chini ya lori yachunguzwe: ni maji, oili, au mafuta ya breki?

Njiani, mteremko wowote ushukwe kwa gia ileile ambayo ingetumika kuupanda. Dereva anayeweka gia huru ili kuokoa dizeli ameiachia breki kazi yote, na injini ikizimika, msaada unaoipa pedeli nguvu utakwisha baada ya kukanyaga mara chache. Dizeli iliyookolewa Kanaba haimfai mtu aliyelala hospitali ya Kabale.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumbani, kuziba ufa huo si kazi ya fundi na dereva peke yao. Mama wa nyumba, ambaye vitu vyake na watoto wake ndio mzigo wenyewe, ana haki ya kusimama mbele ya lori na kuuliza maswali matatu kabla kitanda cha kwanza hakijapandishwa. Mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Matairi ya mbele ni ya mwaka gani? Na watoto watakaa wapi? Mwenye lori asipoweza kuyajibu, mizigo na ibaki uani. Afande huko Moroto aweza kungoja siku mbili.