Maganda ya zabibu Dodoma yana rangi ya kuuza
Zabibu nyekundu aina ya Makutupora, inayovunwa Dodoma mara mbili kwa mwaka, ina mali nyingine mbali na mvinyo. Maganda yake yana anthosianini, rangi ya asili inayoyeyuka katika maji. Viwanda huitia katika vinywaji, jemu na peremende; Ulaya huitambua kwa namba E163.

Hata hivyo, rangi hiyo ina masharti. Penye uchachu wa ndimu hubaki nyekundu. Penye magadi hugeuka buluu. Joto na mwanga huifubaza. Aidha, maganda yaliyotoka kwenye mvinyo yamekwisha kupoteza sehemu ya rangi, na yakilundikwa mabichi huoza.

Mfanyabiashara asinunue kwa uzito pekee. Kwanza apate mnunuzi, kisha mahali pa kukaushia: kinacholipiwa ni rangi, si maganda.