Kijana wa Chama Apelekwe Chuo Kipi cha Ufundi?

Tunda la kahawa likichumwa asubuhi hapana budi limenywe siku ile ile. Likilala guniani huanza kuchacha, na kahawa iliyochacha kabla ya kumenywa hushuka daraja hata ikioshwa na kuanikwa kwa uangalifu wote. Kwa sababu hiyo chama cha msingi chenye kituo cha kumenyea kahawa, kiwe Rungwe au Mbozi (ambayo tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe), hakina siku tatu za kumngoja fundi kutoka mjini. Vyama vya mahindi vya Iringa vyenye vinu vya kusaga vimo katika shida hiyo hiyo, ingawa mahindi yana subira kuliko kahawa.

Jawabu linalosikika katika mikutano mikuu ni kwamba chama kimsomeshe kijana wake. Ni jawabu jema. Lakini mara nyingi fedha za wanachama humpeleka kijana katika chuo kisichofundisha kazi inayotakiwa, kisha watu hustaajabu anaporudi na cheti huku mashine ingali imelala.

Yafaa katibu ajue kwanza kuwa mafundi wana ngazi zao. Fundi mchundo ndiye anayeshika chuma kwa mikono yake: hupiga tupa, hulehemu, hufunga beringi. Fundi sanifu husoma michoro, hupima, hukadiria na kusimamia. Mhandisi hubuni. Chama chenye mashine moja na kinu kimoja kinamhitaji fundi mchundo. Kumsomesha mhandisi ili akaze mikanda ya kinu ni hasara kwa chama na kwa mhandisi mwenyewe.

Nyanda za Juu Kusini si wageni katika elimu hii. Ifunda, mkoani Iringa, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili, palianzishwa shule ya ufundi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na vijana kutoka pande nyingi za nchi walijifunza huko uashi, useremala na ufundi wa mitambo. Baada ya Uhuru shule hiyo iligeuzwa kuwa sekondari ya ufundi. Mbeya ilipata Chuo cha Ufundi mwaka 1986, kwa kuwaandaa mafundi sanifu. Chuo hicho kikawa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia mwaka 2005, na Chuo Kikuu mwaka 2012. Stashahada zingali zinatolewa hapo, lakini atakaye kuingia lazima awe amefaulu masomo ya sayansi katika kidato cha nne.

Fundi mchundo hupatikana kwingine. Sheria ya mwaka 1994 iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), na vyuo vyake vimo Mbeya na Iringa. Vipo pia Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, kama vile Ilula kwa upande wa Iringa na Nzovwe kwa upande wa Mbeya. Fani hazilingani chuo kwa chuo. Katibu aandike barua kuuliza kabla Bodi haijapitisha jina la mtu, wala asitegemee habari za sokoni.

Hapa kuna jambo linalowapotosha wengi. Katika majaribio ya ufundi ya zamani, Daraja la Tatu lilikuwa la chini na Daraja la Kwanza la juu. Katika utaratibu wa sasa wa VETA hesabu imegeuka: Ngazi ya Kwanza ndiyo ya chini, na Ngazi ya Tatu ndiyo ya juu. Bodi inayoajiri kwa kutazama tarakimu tu yaweza kumwacha fundi bora na kumchukua anayeanza. Cheti kisomwe pamoja na mwaka wake.

Wazazi nao hulalamika kwamba mwanafunzi hukaa majuma mazima mbele ya jiliwa akipiga tupa kipande kile kile cha chuma, huku akipimwa kwa guni. Huona ada inapotea. Sivyo. Mashine ya kumenya kahawa ina pipa lililovikwa bamba la shaba lenye vipele, na nafasi kati ya pipa hilo na ubao wake ni ndogo mno. Nafasi ikibana, punje hujeruhiwa. Ikilegea, matunda hupita bila kumenywa. Mkono usiozoea kipimo hauwezi kuirekebisha. Vivyo hivyo nyundo za kinu cha mahindi: zikilika upande mmoja hugeuzwa, na zikibadilishwa hubadilishwa zote kwa uzito uliolingana, ama sivyo shafti hutikisika hadi beringi zikafa. Fundi asiyefunzwa hubadilisha ile moja iliyovunjika, huchukua ujira wake, na baada ya mwezi huitwa tena.

Kabla ya kutafuta kijana, Bodi imtazame mtu aliye tayari mashineni. Vyama vingi vina mwendesha mashine wa miaka kumi asiye na cheti chochote. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwarasimisha mafundi waliojifunza kazini: mtu huonyesha kazi kwa vitendo, huelekezwa anapopungua, kisha hupewa cheti cha ngazi anayostahili. Njia hii haimwondoi kazini kwa muda mrefu, na tayari anaijua mashine ya chama kwa mlio wake.

Iwapo atasomeshwa kijana, wa kike au wa kiume, achaguliwe kwa kazi ya mikono aliyokwisha kuonekana akiifanya, si kwa undugu na mjumbe wa Bodi. Uamuzi upitishwe na Mkutano Mkuu na fedha ziingizwe katika makisio ya mwaka, chini ya fungu la elimu. Mkataba uandikwe: chama kitalipa nini, na kijana atakitumikia chama kwa muda gani. Mafunzo yake ya vitendo, kadiri chuo kitakavyokubali, yaangukie msimu wa kahawa, ili aifungue mashine yenyewe mbele ya aliyemtangulia.

Katika makisio hayo hayo iwekwe fedha ya sanduku la zana. Fundi anayerudi bila spana, tupa wala kipimo ataazima kwa wenye gereji, na mwenye gereji humwazima akiwa hana kazi nazo yeye mwenyewe. Zana ni mali ya chama. Ziandikwe katika daftari la mali, moja moja kwa jina na idadi, na fundi atie saini anapozipokea.