Kusoma Ughaibuni Ukubwani (2): Shikamoo Haipandi Ndege

Wiki iliyopita niliishia kwenye viza na ada. Leo tuingie darasani, maana huko ndiko watu wazima wengi tunakokwama.

Msomaji mmoja wa Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, mwenye miaka 44, amepata nafasi chuoni Uingereza na ananiuliza anunue koti gani. Ndugu yangu, nenda Mchikichini ukapekue mitumba, utapata zito kwa bei ya kupatana. Nalo litafurahi kurudi kwao. Koti halina shida. Shida ni shikamoo.

Kariakoo mtu wa umri wako hutembea na heshima yake. Ukikatiza Msimbazi, machinga wanakuita mzee na kusogeza mzigo upite. Chuoni Ulaya hakuna wa kukusogezea kitu. Mimi nilikwenda nikiwa na miaka 39. Siku ya kwanza mhadhiri, ambaye kwa umri ni mdogo wangu wa mwisho, alitutaka tumwite kwa jina lake tu, bila daktari wala profesa. Wiki tatu nzima sikumwita kwa jina lolote. Nilikuwa nasubiri anitazame ndipo niseme.

Kisha zikaja semina. Tulikaa watu kumi na wawili tukiizunguka meza, na kila mmoja alitakiwa kumkosoa mwandishi tuliyemsoma. Nikanyamaza kwa adabu, kama tulivyolelewa, kwamba mkubwa akisema husikilizwa. Karatasi yangu ya tathmini ikarudi imeandikwa kwamba sishiriki. Kule ukimya wa mtu mzima hauitwi busara; wanadhani hukusoma.

Kilichonikwamua ni Mtaa wa Congo, kule kule Kariakoo. Mnunuzi wa pale hakubali bei ya kwanza. Anaigeuza nguo ndani nje, anavuta mshono, anauliza imetoka wapi, anataja bei yake, anapiga hatua mbili kama anayeondoka, anaitwa. Wala hajamtukana muuzaji. Nikaanza kuzigeuza hoja za vitabu namna hiyo hiyo, nikavuta mishono, na mdomo ukafunguka. Jambo jingine, ukichukua maneno ya mtu, mtaje. Sentensi ya kuazima isiyotajiwa mwenyewe ni kama mzigo usio na risiti, na unaweza kufukuzwa chuo kwa ajili yake.

Wala hatukuwa wa kwanza kurudi darasani tukiwa watu wazima. Julius Nyerere alipofika Edinburgh mwaka 1949 alikuwa na miaka 27, ana diploma ya ualimu ya Makerere, na alikwishafundisha St. Mary's, Tabora. Mwalimu akakubali kurudi kuwa mwanafunzi mpaka 1952. Tunapenda kusimulia kana kwamba shahada ile ndiyo iliyomtengeneza. Mimi naona alifika huko na maswali yake mfukoni. Ndiyo maana akiwa bado masomoni aliandika insha kuhusu tatizo la rangi Afrika Mashariki. Aliporudi akafundisha Pugu, huku akiingia mjini kujadiliana na wenyeji wa Kariakoo ambao wengi wao hawakuwahi kuona chuo kikuu. Katika mijadala hiyo ndimo kilimozaliwa chama cha TANU, Julai 7, 1954.

Hata hapa nyumbani, chuo kikuu chetu kilianzia Kariakoo hiyo hiyo, Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Na baada ya Azimio la Musoma la 1974, vijana walitakiwa wafanye kazi kwanza ndipo waombe nafasi chuoni. Kwa hiyo anayekucheka kwamba unakwenda kukaa dawati moja na watoto, mwambie serikali iliwahi kuufanya ukubwa kuwa sifa ya kuingilia.

Msomaji wangu wa Mkunguni, koti chukua lenye kofia. Upepo wa kule hupindua miavuli. Wiki ijayo: chumba, jiko la pamoja, na namna ya kupata unga wa ugali.