Mshika mawili huenda akapata la tatu

Wengi hudhani kwamba ubunifu ni kipawa cha wachache. Lakini ukichunguza vitu unavyovitumia kila siku, utaona kwamba vingi vilizaliwa pale kazi mbili zisizofanana zilipokutana.

MSHIKA mbili moja humponyoka. Bila shaka umeisikia methali hii mara nyingi, na huenda umemwambia mwanao siku alipoacha kitabu cha hisabati akaenda kumtazama fundi wa redio. Methali hiyo ina ukweli wake. Mtu anayeruka kutoka jambo hili hadi lile bila kumaliza lolote hafiki mbali.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo methali hiyo haituambii. Mawazo mapya, yale yanayobadilisha maisha ya watu na kuwapa riziki, aghalabu hayatoki ndani ya fani moja. Hutokea pale fani mbili zinapokutana katika kichwa cha mtu mmoja, au watu wa kazi mbalimbali wanapoketi kwenye benchi moja.

Jambo hili linakuhusu wewe mzazi unayemsaidia mtoto kuchagua masomo, wewe mwanafunzi unayeambiwa kwamba somo unalolipenda halina kazi, na hata wewe mwenye biashara ndogo ambayo imekwama mahali pamoja kwa miaka mingi. Hebu tutazame mifano michache.

MFINYANZI NA MFUA BATI

Tuanzie jikoni. Kama hupiki kwa gesi au stima, yamkini unalo lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo uliochomwa ndani. Limekuwa kitu cha kawaida hata hatukumbuki kwamba kuna siku halikuwako.

Kwa miaka mingi familia za mijini zilipikia jiko la bati tupu. Mfua bati alijua kukata, kukunja na kugongomea, lakini bati hupitisha joto upesi. Moto mwingi ulipotelea ubavuni badala ya kufika kwenye sufuria, na makaa yakaisha kabla ya githeri kuiva. Isitoshe, jiko lenyewe liliungua na kutoboka.

Mfinyanzi naye alijua jambo ambalo mfua bati hakuwa amelihitaji katika kazi yake: udongo uliochomwa vizuri huhifadhi joto. Lakini udongo peke yake huvunjika ukiangushwa, na mpangaji anayehama kutoka mtaa hadi mtaa hawezi kubeba jiko la namna hiyo.

Mwaka wa 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa nishati jijini Nairobi. Baada ya hapo juhudi za kutafuta jiko lisilokula makaa mengi zilishika kasi. Wataalamu walitazama Thailand, ambako watu walipikia jiko la udongo lililowekwa ndani ya ndoo ya bati. Wazo hilo wakalileta kwa mafundi wetu wa jua kali.

Usidhani lilifaulu mara moja. Katika majiko ya kwanza udongo ulijaa kutoka juu hadi chini, nao ulipasuka. Ndipo likaja umbo la kiuno: juu pana, katikati pembamba, chini pana. Udongo ukawekwa sehemu ya juu tu, palipo na moto, ukashikishwa kwa saruji iliyochanganywa na vermikulaiti, aina ya madini mepesi yanayozuia joto lisitoke. Chini pakaachwa pa majivu na hewa, na jiko likasimama imara.

Jiko hili hupunguza matumizi ya makaa kwa kati ya asilimia 30 na 50 likilinganishwa na lile la bati tupu. Fanya hesabu mwenyewe: nyumba iliyokuwa ikinunua mikebe mitatu kwa siku inaweza kutumia miwili au hata pungufu. Pesa zinazobaki kwa mwaka mzima si haba. Mfinyanzi naye alipata soko jipya, kwani sasa huwauzia wafua bati vile vyungu vya ndani. Umbo hilo limeigwa Tanzania, Uganda, Ethiopia na hata Ghana.

Sasa jiulize: ni kitu gani kilichokuwa kipya hapo? Bati lilijulikana. Udongo ulijulikana. Saruji ilijulikana. Kilichokuwa kipya ni kuvikutanisha.

PIPA LA MVINYO HOSPITALINI

Ukienda kwa daktari ukiwa na kikohozi kisichoisha, huenda akaweka kidole kimoja juu ya kifua chako na kukigonga kwa kidole kingine huku akisikiliza. Je, umewahi kujiuliza alijifunza wapi mtindo huo?

Chanzo chake ni Leopold Auenbrugger, daktari wa Austria aliyezaliwa mwaka wa 1722 katika mji wa Graz. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na inasimuliwa kwamba kijana huyo aliona jinsi mapipa ya mvinyo yanavyogongwa ili kujua yamejaa kiasi gani. Sehemu tupu hulia, sehemu iliyojaa hutoa sauti nzito. Alipokuwa daktari jijini Vienna, alianza kugonga vifua vya wagonjwa kwa njia iyo hiyo. Kifua chenye afya kina hewa na hulia kama ngoma. Kilichojaa maji hakilii.

Auenbrugger hakukimbilia kutangaza. Alichunguza kwa miaka saba, kisha mwaka wa 1761 akachapisha kitabu chake. Madaktari wengi hawakukijali. Ilipita karibu nusu karne kabla ya Jean-Nicolas Corvisart, daktari wa mfalme Napoleon wa Ufaransa, kukitafsiri kwa Kifaransa mwaka wa 1808 na kukipa heshima iliyostahili.

Hadithi haikuishia hapo. Mmoja wa wanafunzi wa Corvisart alikuwa René Laennec, daktari aliyependa kupiga filimbi. Mwaka wa 1816 alimpokea mgonjwa, mwanamke kijana, ambaye haikuwa adabu kwake kumlaza sikio kifuani. Akakunja karatasi ikawa kama bomba, akaweka upande mmoja kifuani na mwingine sikioni. Mapigo ya moyo yakasikika wazi kuliko kawaida. Baadaye alitengeneza bomba la mbao, na hicho ndicho chanzo cha kile kifaa ambacho leo kila daktari hukivaa shingoni.

Mwana wa mwenye nyumba ya wageni na mpiga filimbi: hao ndio waliowafundisha madaktari kusikiliza kifua.

KUPE, MITO NA MICHE

Huhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano wa namna hii. Marehemu Profesa Wangari Maathai hakusomea misitu. Alisomea biolojia, na mwaka wa 1971 akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwa utafiti kuhusu maumbile ya mwili wa wanyama. Kazi moja aliyoifanya ilikuwa kukusanya kupe ili kuchunguza ugonjwa wa ndigana kali unaoua ng'ombe.

Alipokuwa mashambani akikusanya kupe, aliona mambo mengine. Mito ilikuwa imejaa udongo. Ng'ombe walikuwa wamekonda kwa kukosa malisho. Wakati huohuo, katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, aliwasikia akina mama wa vijijini wakilalamika kwamba hawana kuni, maji safi wala chakula cha kutosha.

Mtaalamu wa mifugo angeweza kubaki na kupe wake, na kiongozi wa akina mama angeweza kubaki na malalamiko yake. Kwa kuwa alikuwa yote mawili, Maathai aliona kwamba tatizo lilikuwa moja: miti ilikuwa imekatwa. Mwaka wa 1977 akaanzisha Green Belt Movement, akina mama wakaanza kuotesha miche na kulipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Mwaka wa 2004 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

SI KUCHANGANYA OVYO

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Kuchanganya mawazo si kuokota kidogo hapa na kidogo pale. Katika mifano yote hii, mhusika aliijua kazi yake barabara. Auenbrugger alikuwa daktari kweli. Mafundi wa jua kali walikuwa na miaka mingi ya kufua bati. Mtu asiyejua chochote kwa kina hana kitu cha kuchanganya, na hapo methali yetu ya mwanzo ni ya kweli.

Kwa hivyo shika kazi moja vizuri, lakini usifunge dirisha. Na ujue kwamba mchanganyiko wa kwanza mara nyingi hushindwa, kama vile udongo wa jiko ulivyopasuka. Anayekata tamaa hapo atasema wazo lilikuwa baya, kumbe lilihitaji kiuno tu.

JINSI YA KUANZA

Ubunifu wa namna hii unaweza kuzoezwa. Chukua tatizo moja dogo la nyumbani au la kazini, kisha uulize: ni nani mwingine, katika kazi nyingine kabisa, aliye na tatizo kama hili, na yeye hulitatua vipi?

Tuseme wewe ni mama mboga, na nyanya na mboga zako huharibika kabla hujaziuza. Huna friji, na stima ni ghali. Ukiwauliza wauza mboga wenzako, watakuambia uzinyunyizie maji, jambo unalolijua tayari. Lakini hebu toka nje ya kazi yako. Nani huweka kitu kikiwa baridi bila stima? Nyanya yako mashambani, kwa mtungi wa maji.

Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliyezaliwa katika jamii ya wafinyanzi, alilitumia jambo hilo katika miaka ya 1990. Alichukua vyungu viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo, akakitia kidogo ndani ya kikubwa na kujaza mchanga mbichi katikati. Mboga zikawekwa ndani na kufunikwa kwa kitambaa kilichoroweshwa. Maji yanapokauka kupitia kuta za chungu cha nje hubeba joto, na cha ndani hubaki baridi. Biringanya zilizokuwa zikioza kwa siku tatu zilikaa siku 27. Sayansi ya kidato, ufinyanzi wa kijijini na hasara ya sokoni vilikutana mahali pamoja.

Unaweza kulijaribu hilo nyumbani na watoto. Nunua vyungu viwili visivyopakwa rangi, tafuta mchanga safi, na mwagilia mara mbili kwa siku. Weka pahali penye kivuli na upepo. Fahamu tu kwamba hufanya kazi vyema panapokuwa na hewa kavu, kama Garissa au Lodwar. Mombasa, ambako hewa ina unyevu mwingi, hutaona tofauti kubwa. Mwache mtoto aandike kila siku nyanya zilizo ndani na zilizo nje zina hali gani. Hapo atakuwa amesoma fizikia, kilimo na biashara kwa wakati mmoja.

Zoezi la pili ni rahisi zaidi. Mara moja kwa wiki, zungumza na mtu ambaye kazi yake huijui: seremala, muuguzi, mvuvi, fundi wa simu. Muulize ni jambo gani gumu katika kazi yake na hulimaliza vipi. Liandike katika daftari. Ukiwa maktabani, soma kitabu kimoja kutoka rafu usiyoizoea. Huenda usione faida leo, lakini siku utakapokwama, daftari hilo litakuwa na neno la kukuambia.

NENO KWA WAZAZI

Katika mtaala wa umilisi, mwanafunzi anayeingia sekondari ya juu huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Kuchagua ni lazima. Lakini mkondo ni njia ya kupitia, si ukuta wa kumzuilia mtoto. Aliyechagua sayansi asiambiwe aache gitaa, na aliyechagua sanaa asifanywe aamini kwamba hesabu hazimhusu.

Kumbuka kwamba muziki wa benga, ambao umelisha familia nyingi, ulizaliwa Nyanza pale vijana waliokulia katika milio ya nyatiti yenye nyuzi nane walipoanza kupiga gitaa kwa mtindo uleule. Kama wangeambiwa wachague moja, ama nyatiti ama gitaa, tusingekuwa na benga.

Basi mwanao akikuuliza swali ambalo halimo katika somo analolifanya, usimkemee kwamba anapoteza wakati. Muulize kwanza amelitoa wapi na analihusisha na nini. Na kama hujui jibu, nendeni pamoja mkamuulize fundi aliye jirani. Huenda ana nafasi ya kuzungumza.