Mita Moja, Familia Sita

Miongoni mwa mambo yanayovunja ujirani katika nyumba za kupanga mjini Mwanza, umeme unashika nafasi ya mbele. Akina mama walioazimana chumvi na kuuguziana watoto kwa miaka mingi hufikia kununiana kwa sababu ya uniti chache za LUKU. Mmoja hulalamika kwamba yeye ana taa moja tu na hali mwenzake anapiga pasi kila asubuhi. Mwingine husema kwamba alinunua umeme juzi, na leo nyumba imezima. Mwenye nyumba naye, ambaye aghalabu haishi hapo, huwaambia wamalizane wenyewe.

Ugomvi wa namna hii hudhaniwa kuwa unatokana na tabia mbaya ya watu. Ukweli ni kwamba chanzo chake kikubwa kipo kwenye kile kisanduku kilichopigiliwa ukutani. Huduma za mjini hupangiwa bei kwa kuhesabu mita, na wala hazihesabu familia zinazoishi nyuma ya mita hiyo. Kwa sababu hiyo, nafuu iliyokusudiwa kumfikia mtu wa kipato cha chini huishia mlangoni mwa nyumba anamopanga.

HESABU YA UMEME

Neno LUKU ni kifupi cha Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Katika agizo la bei lililotolewa na EWURA na kuanza kutumika Aprili 2016, wateja wa majumbani wanaotumia umeme mdogo, yaani chini ya uniti 75 kwa mwezi kwa wastani, walipangiwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Wateja wa matumizi ya kawaida walipangiwa shilingi 292. Lengo lilikuwa jema: anayetumia kidogo kwa kuwa ana kidogo, asibebeshwe mzigo sawa na mwenye vyombo vingi.

Sasa tuichukue familia moja katika chumba kimoja cha Mabatini au Igogo. Ina taa mbili za wati 10 zinazowaka saa tano kila usiku: hizo ni uniti 3 kwa mwezi. Ina televisheni ndogo ya wati 60 inayowashwa saa tano kwa siku: uniti 9. Kuchaji simu, tuseme uniti 1. Pasi ya wati 1,000, saa moja kwa wiki: uniti 4. Jumla ni uniti 17. Familia hii, kama ingekuwa na mita yake, ingelipa shilingi 1,700 kwa bei ile ya wenye matumizi madogo.

Lakini familia hii haina mita yake. Inaishi katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, na kila chumba kina matumizi kama hayo. Uniti 17 mara sita ni uniti 102. Nyumba imekwisha kuvuka uniti 75, nayo inahesabiwa kuwa ya mtumiaji wa kawaida. Kwa bei ya shilingi 292, kila familia italipa shilingi 4,964. Hakuna hata mmoja katika nyumba hiyo aliyefuja umeme, lakini wote sita wanalipa karibu mara tatu ya bei iliyowekwa kwa ajili ya watu wa hali yao. Kwa mwaka, tofauti hiyo inafika shilingi 39,168 kwa kila familia. Kwa mfanyakazi wa kibarua hizo ni sare za shule na madaftari ya mtoto.

Mambo huharibika zaidi pale chumba kimoja kinapoingiza jokofu. Tuseme linatumia uniti 36 kwa mwezi. Nyumba sasa inatumia uniti 138, ambazo gharama yake ni shilingi 40,296. Wakigawana sawa kwa sawa, kila chumba kitatoa shilingi 6,716. Maana yake ni kwamba vyumba vitano visivyo na jokofu vinamchangia mwenye nalo shilingi 1,752 kila kimoja, kila mwezi. Hapo ndipo manung'uniko yanapoanza, na kwa haki.

KODI YA JENGO NI YA NANI?

Tangu Agosti 2021, kodi ya jengo imekuwa ikikatwa kwa njia ya LUKU. Ilianza kwa shilingi 12,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, yaani shilingi 1,000 kila mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi shilingi 18,000 kwa mwaka. Kodi hii kwa asili yake ni ya mwenye nyumba, lakini mita haimjui mwenye nyumba. Inamjua yule aliyenunua umeme siku ile.

Mpangaji ambaye ununuzi wake umekatwa kodi hiyo asikae kimya wala asianzishe ugomvi. Aitunze stakabadhi au ujumbe wa simu unaoonyesha makato, na wakati wa kulipa pango amwonyeshe mwenye nyumba ili fedha hiyo itolewe katika kodi ya chumba. Jambo hili liandikwe katika mkataba wa upangaji tangu mwanzo, hata kama mkataba wenyewe ni karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono na kutiwa saini mbele ya shahidi.

MAJI YA ZIWA, BEI YA NDOO

Jiji la Mwanza limejengwa juu ya mawe na kando ya maji. Mkazi wa mlimani huamka akiliona Ziwa Victoria limetanda chini yake, kisha hushika ndoo kwenda kutafuta maji. Maji ya bomba yanatoka katika ziwa hilo hilo. Kituo cha Kapripointi kina uwezo wa kusafisha lita milioni 90 kwa siku, na katika miaka ya karibuni kimejengwa kingine Butimba chenye uwezo wa lita milioni 48. Hata hivyo, maji hayapandi mlima kwa hiari yake. Hapana budi yasukumwe kwa pampu hadi kwenye matangi ya vilimani, na mabomba yapenye kati ya mawe na nyumba zilizosongamana.

Mpangaji asiye na bomba hununua maji kwa ndoo. Hapa pia inafaa kufanya hesabu. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ukiuziwa ndoo kwa shilingi 50, uniti imekufikia kwa shilingi 2,500. Ukiuziwa kwa shilingi 100, uniti ni shilingi 5,000. Ilinganishe bei hiyo na ile iliyoandikwa katika ankara ya mwenye bomba, nawe utaona ni kiasi gani unalipa kwa kuwa tu unanunua rejareja. Familia inayotumia ndoo sita kwa siku hununua ndoo 180 kwa mwezi, ambazo ni uniti 3.6 tu.

Mwanza yenyewe imeonyesha kwamba inawezekana kupanga huduma kwa kuzitazama nyumba nyingi kwa pamoja. Katika makazi ya mlimani, ambako gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira, MWAUWASA, imetandaza mabomba membamba ya majitaka yanayopita kati ya nyumba na nyumba, badala ya kusubiri barabara pana ambazo hazipo. Jirani huunganishwa na jirani, na uchafu ambao ungeteremka na mvua kuelekea Mto Mirongo na hatimaye ziwani hupelekwa mahali panapostahili. Ikiwa imewezekana kwa majitaka, kwa nini isiwezekane kwa bei ya umeme na majisafi?

SIMU IMEKUWA DIRISHA LA MALIPO

Wazee wetu wanakumbuka wakati ambapo mpangaji hakuwa na anwani. Barua yake ilipitia sanduku la posta la mwajiri, la shule, la kanisa au la msikiti, na habari za msiba zilisikika kwa tangazo la redio. Leo simu ya mkononi imemfikia karibu kila mtu. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini mwaka 2008, simu imekuwa pia dirisha la kulipia umeme na maji. Zile tarakimu 20 za LUKU huja kwa ujumbe wa simu.

Lakini simu nayo ina bei yake ya rejareja. Anayenunua kifurushi cha siku kila siku, mwisho wa mwezi aghalabu hujikuta ametoa fedha nyingi kuliko aliyenunua cha mwezi mara moja. Kadhalika, kununua umeme wa shilingi 1,000 mara kumi ni kulipa ada ya muamala mara kumi, pale ada inapotozwa. Wapangaji wakikusanya fedha zao na kununua mara moja au mbili kwa mwezi, kitabaki kitu mfukoni.

TUFANYE NINI?

Kwanza, nyumba iwe na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Iandikwe tarehe ya kila ununuzi, jina la aliyenunua, kiasi na uniti zilizopatikana. Ukurasa wa pili uwe na orodha ya vyombo vya kila chumba na wati zake, ambazo huandikwa nyuma ya chombo. Zidisha wati kwa saa za matumizi ya mwezi, gawa kwa 1,000, utapata uniti. Mwenye jokofu alipie jokofu lake: katika mfano wetu atatoa shilingi 15,476, na wenzake watabaki na shilingi 4,964 zao. Penye uwezo, mita ndogo za ndani zitamaliza ubishi, ingawa hazibadili bei ya mita kubwa.

Pili, wenye nyumba waone kwamba mita zaidi ya moja katika nyumba ni faida yao pia, kwani mpangaji aliyetulia hukaa muda mrefu na kulipa kwa wakati.

Tatu, na hili ndilo kubwa, wakuu wanaopanga bei wazihesabu familia. Mwenyekiti wa mtaa anajua nyumba ipi ina kaya ngapi, na kumbukumbu hizo zingeweza kutumika ili nyumba ya familia sita isihesabiwe kama mtumiaji mmoja mkubwa. Tatizo hili si la kwetu peke yetu. Afrika ya Kusini ilianzisha mwaka 2003 mpango wa kuwapa maskini uniti 50 za umeme bure kwa mwezi, lakini wapangaji wa vibanda vya uani, wanaotegemea mita ya nyumba kubwa, wamekuwa wakiikosa nafuu hiyo.

Kabla ya bei kubadilishwa, EWURA huitisha mkutano wa taftishi na kuwasikiliza wananchi. Wenye viwanda hufika na hesabu zao mkononi. Wapangaji wa Mabatini, Igogo, Kirumba na Nyakato nao wanazo hesabu zao, zimeandikwa katika daftari la nyumba. Wazipeleke.