MOTO YA MAGURUDUMU MATATU ITADUMU MIAKA MINGAPI?

Pengine hata wewe umekwisha kufikiri kununua moto ya magurudumu matatu. Katika milima ya Kipese viazi na kabeji vinapatikana, lakini soko kubwa liko Butembo, na shida ni kuvifikisha huko. Chukudu inashuka vizuri, lakini kuipandisha ni jasho. Lori linangoja mzigo ujae. Basi jamaa inaketi, inauza ng'ombe ao kipande cha shamba, na kijana anapewa pesa. Mara moja anauliza: «Ni marki gani yenye kudumu?» Swali ni zuri, lakini siyo la kwanza.

KAZI YAKE NI NGUMU

Moto ya namna hii si jambo la juzi. Mwaka 1948, miaka 3 baada ya vita kuu, kiwanda cha Piaggio huko Italia kilitoa moja iliyoitwa Ape, maana yake «nyuki». Injini yake ilikuwa ya cc 125, na mzigo wake kilo 200. Zile zinazotufikia leo kutoka India na Uchina ziko na nguvu zaidi, lakini kanuni ni ile ile: injini ya silinda moja, kama ya pikipiki, inafanya kazi ya gari.

NINI INAIUA MBELE YA WAKATI?

Kwanza ni mzigo. Kama karatasi ya moto inaandika kilo 500, ni mifuko 5 ya kilo 100. Wewe unapakia 8, na juu yake watu wawili. Siku ile hakuna kitu kinachovunjika, ndiyo maana unarudilia kesho. Lakini rulema za nyuma zinalika, resori zinalala, na fremu inaanza kupasuka pale ilipochomelewa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Pili ni milima. Kwenye urefu wa mita 2,000 hewa ni nyepesi, na injini inapoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu yake. Inapanda polepole na vitesi vya chini, upepo wa kuipoza ni kidogo, inachemka. Katika kushuka, wengine wanatoa vitesi ili kuchunga esansi. Usifanye hivyo hata siku moja! Breki peke yake inapata moto sana na inaacha kushika. Hapo si moto tu inayokufa.

Tatu ni njia. Malori yanachimba mifereji miwili. Pikipiki inachagua mmoja. Hii yetu haiwezi: ya nyuma yanatafuta mifereji, la mbele linapita juu ya mgongo wa katikati.

Nne ni uchafu. Vumbi likipita katika filtri ya hewa, linasaga pistoni kama mchanga. Na esansi ya chupa, ile ya makadafi, mara zingine iko na maji. Uichuje.

HESABU YA KILOMETA

Chukua kalamu. Kilometa 80 kwa siku, siku 6 kwa juma, ni 480. Kwa mwaka ni karibu 25,000; kwa miaka 4 ni karibu 100,000. Ukibadilisha mafuta ya injini kila kilometa 2,000, ni mara moja kwa mwezi tu. Yule anayengoja mpaka mafuta yawe meusi kama lami anachunga dola chache na kuua injini nzima.

Ukinunua iliyotumika, usiamini namba ya kontere, maana inaweza kubadilishwa. Angalia moshi: wa bluu unasema injini inakula mafuta yake. Mafuta meupe kama maziwa yanasema maji yameingia. Tikisa magurudumu ya nyuma, pima kama yanacheza. Pita na kidole kwenye fremu, tafuta nyufa.

PESA YA MOTO INAYOKUJA

Sasa swali la kwanza ndilo hili: moto hii ikifa, nani atanunua ingine? Tuseme imegharimu dola 2,400 na unataka itumike miezi 48. Basi kila mwezi inakula dola 50 za ng'ombe wa baba yako, hata kama inatembea vizuri. Hizo si faida. Uziweke kando, pamoja na pesa ya mapira na ya fundi, mbele ya kuhesabu chakula na nguo. Jamaa nyingi zinakula moto yao bila kujua, na siku injini inakufa wanabaki bila ng'ombe na bila moto.

Juu ya marki, angalia chukudu. Inadumu kwa sababu gani? Kipande kikivunjika, seremala wa kijijini anatengeneza kingine siku ile ile. Chagua hivyo: moto ambayo piesi zake zinapatikana Butembo kila siku, na fundi wa karibu anaifahamu. Marki yenye sifa kubwa lakini inangoja piesi miezi miwili ni mzigo nyumbani.

Vijana, mbele ya kutoa pesa, andikeni hesabu hii pamoja na wazazi wenu. Karatasi moja inatosha.