Mtoto Ale Nyama, Si Supu Peke Yake

 

Mama mmoja wa Kawangware alituuliza hivi: "Kila Jumamosi nanunua nyama, na mtoto wangu wa miezi kumi nampa supu yake. Mbona kliniki wananiambia damu yake ni kidogo?"

Mama, supu ni tamu, lakini madini ya chuma yanayosaidia kutengeneza damu hubaki kwa wingi ndani ya nyama yenyewe. Mtoto amepewa maji, nyama imeliwa na wenye meno. Naye akishatimiza miezi sita, akiba ya chuma aliyozaliwa nayo imepungua. Aendelee kunyonya, ndiyo, lakini maziwa peke yake hayamtoshi tena.

Hapo ndipo nyama ya kusaga inatufaa, kwa sababu haidai meno. Wapwani huiita kima (si yule wa msituni!). Huko Kuba, nchi ambayo madaktari wake walikuja kufanya kazi hapa Kenya mwaka 2018, kuna pishi la nyama hiyo liitwalo picadillo. Huliwa kwa wali, maharagwe meusi na ndizi za kukaanga. Sasa nani hapa Dagoretti au Kangemi atasema hana vitu hivyo? Maharagwe meusi si yaleyale, lakini njahi zetu zinashika nafasi yake vizuri sana.

Tuanzie buchani. Usichukue nyama iliyokwisha kusagwa na kulundikwa kwenye sinia. Tazama nyama inayoning'inia kama ina muhuri wa mkaguzi, chagua kipande chako, kisha kisagwe ukiona. Vijidudu hukaa juu ya nyama; ikisagwa, vinaingia ndani kote. Tena mnakumbuka kelele za mwaka 2019 kuhusu nyama iliyotiwa dawa ili ionekane nyekundu. Rangi nzuri isikudanganye. Kama huna friji, nunua na upike siku hiyohiyo.

Kwa nusu kilo ya nyama, tayarisha vitunguu viwili, punje tatu za kitunguu saumu, pilipili hoho moja, nyanya tatu na viazi viwili vilivyokatwa vidogo sana. Kaanga vitunguu kwa mafuta kidogo, tia saumu na hoho. Ongeza nyama, uivunjevunje kwa mwiko mpaka maji yake yakauke na isibaki hata chembe nyekundu. Usiharakishe hapa. Halafu nyanya, viazi, nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba, na kikombe kimoja cha maji. Funika, moto mdogo, dakika 20 hivi, mpaka viazi vilainike.

Wakuba hutia zeituni na zabibu kavu. Zeituni ni ghali. Kamulia ndimu mwishoni, upate ule uchachu. Ndimu na hoho zina vitamini C, ambayo husaidia mwili kupokea chuma kilicho ndani ya njahi. Zabibu ukipenda, lakini mtoto mdogo usimpe zikiwa nzima, zinaweza kumkaba.

Kabla hujatia chumvi, chota sehemu ya mtoto. Ponda pamoja na viazi vyake. Anayeanza kula, wa miezi sita, vijiko viwili au vitatu vyatosha. Huyu wa miezi kumi apewe nusu kikombe au zaidi, na si lazima ipondwe sana. Hao wengine watieni chumvi na mle kwa wali, ugali au chapati.

Jambo moja tunalisahau Nairobi: chai. Tukimaliza kula tu, birika liko mezani, hata mtoto anapewa. Chai huzuia chuma kuingia mwilini. Wakubwa wangoje angalau saa moja, na mtoto asipewe kabisa.

Lakini ukiona viganja vya mtoto vimekuwa vyeupe, amelegea au anapumua kwa shida, usingoje sufuria. Mpeleke kituo cha afya leo, apimwe damu. Na mama yetu wa Kawangware, dawa uliyopewa kliniki endelea kumpa mpaka wakuambie uache, hata kama sasa anakula vizuri.